Jina la Fundi Nyuma ya Kasha

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua William Street, katikati ya Kampala, kwa mshahara wa mwezi mzima na deni juu yake. Ilikuwa na taa za bluu, rimoti, na spika tano ndogo za kuning'iniza kwenye pembe za chumba. Muuzaji aliifungulia pale pale mlangoni, wapita njia wakageuka kutazama. Niliibeba kwa bodaboda hadi Kireka, nikaipanga sebuleni, nikachomeka flashi iliyojaa nyimbo za roki, nikakaa. Nusu saa haikupita, kichwa kikaanza kuniuma. Nikapunguza sauti. Kikaendelea kuuma.

Nilidhani ni uchovu wa kazi. Ilinichukua karibu miaka minne kuelewa kilichokuwa kinaniumiza, na muda wote huo niliendelea kutoa fedha kutibu mahali pasipouma. Naandika kwa ajili ya yeyote anayeupenda muziki huu wa magitaa, anayeusikiliza kwenye nyumba ya kupanga kama yangu, na anayehisi kuna kitu kinakosekana ila hajui ni kipi.

Mimi ni mtoto wa kambini, Jinja. Baba alikuwa mwanajeshi wa kitengo cha mawasiliano, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyoamka nayo, maana pale Mlugbara, Mwacholi, Mteso na Msoga walikutana kwenye bomba moja la maji. Baba alikuwa na redio kaseti ya spika mbili, na kanda zake alizitunza ndani ya sanduku la mbao lililowahi kubeba risasi. Humo mlikuwa na rumba za Kongo, Born in Africa ya Philly Lutaaya aliyoirekodi akiwa Uswidi, na kanda chache za ng'ambo: Dire Straits, Tracy Chapman, na ile ya Eagles ya mwaka 1994, walipokutana tena baada ya kutengana miaka mingi. Kazini alishinda amevaa hedifoni, akimtafuta mtu mmoja katikati ya mawimbi yanayokoroma. Muziki aliusikiliza vivyo hivyo: macho amefumba, kidole cha shahada kikipanda kila chombo kipya kinapoingia. "Umezisikia tumba?" alikuwa akiniuliza. "Ziko nyuma ya magitaa, zinakuja taratibu." Nami nilizisikia.

Redio ile ilikuwa kubwa kidogo tu kuliko boksi la viatu. Na sasa mimi nina sabufa yenye tarakimu kubwa za wati kwenye kasha, nimeweka wimbo ule ule, Hotel California wa 1994, na tumba sizisikii. Kuna mvumo mmoja mnene chini, kuna ukali unaochoma juu, na pale katikati ambapo baba alikuwa akinyooshea kidole hakuna kitu.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa ndani ya flashi. Kwetu nyimbo tunajaziwa vibandani. Unampa kijana flashi, unamtajia majina, unakwenda kula rolex, ile chapati ya mayai, ukirudi umekwisha kujaziwa nyimbo mia mbili. Kijana hana ubaya, anahudumia mfuko wa mteja wake. Lakini wimbo ule ameuvuta kwenye video ya intaneti, aliyeweka video aliutoa kwenye MP3, na MP3 yenyewe ilibanwa zamani ili itoshe kwenye simu ndogo. CD ya kawaida huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila sekunde hubeba kilobiti 1,411, yaani kipimo cha wingi wa data. MP3 ya kilobiti 128 hubeba chini ya moja ya kumi ya hizo. Kwa hiyo kuna vilivyotupwa, na vinavyotupwa ni vile sikio la haraka halitaviulizia: mkia wa toazi unapofifia, hewa ya chumba walichorekodia, kidole kinachoteleza kwenye uzi wa gitaa.

Sikiliza matoazi. Hicho ndicho kipimo ninachompa kila anayeniuliza. Toazi lililorekodiwa vizuri likigongwa lina mwanzo, lina mwili, kisha linakwenda likififia kama kengele ya baiskeli iliyoachwa inyamaze yenyewe. Toazi lililobanwa kupita kiasi linatoa sauti ya mchele unaopepetwa kwenye ungo, shwaa, shwaa, halina mwanzo wala mwisho. Nilipolijua hilo nilikaa na flashi yangu jioni moja nikapitia wimbo baada ya wimbo. Karibu zote zilikuwa mchele.

Nikamrudia kijana, nikamwomba zenye kilobiti 320. Akanipa. Mafaili yalikuwa makubwa zaidi na sauti ilikuwa ile ile, kwa sababu alichofanya ni kulichukua faili dogo na kulihifadhi upya kwa ukubwa mwingine. Uji ukiwa mwepesi, kuongeza maji kunajaza kikombe tu. Ipo programu ya bure inayoitwa Spek, unaipa faili nayo inakuchorea sauti kwa rangi kuanzia masafa ya chini hadi ya juu. Mafaili yangu "ya 320" yalikuwa na rangi hadi kilohezi 16 hivi, na juu ya hapo giza, kama mtu aliyepitisha panga. Sisemi MP3 ni mbaya. MP3 ya 320 iliyotoka moja kwa moja kwenye CD ni nzuri sana, na kwa spika nilizonazo siwezi kuapa kwamba naitofautisha na CD yenyewe kila mara. Ninachosema ni kwamba ujue imetoka wapi.

Ndipo nikaanza kutafuta CD. Wengi wa wenzetu Ulaya wameacha kuzitumia, nazo zinafika soko la Owino, hapa Kampala, pamoja na vitabu na mikoba ya mitumba. Nilikuwa nazipata kwa shilingi elfu mbili, wakati mwingine elfu moja nikichukua tano. Nilizichezea kwenye deki ya zamani ya DVD iliyokuwa imeachwa kabatini. Ya kwanza kunifungua masikio ilikuwa Brothers in Arms ya Dire Straits, ya mwaka 1985. Kwenye sabufa ile ile yenye kasoro zake, kwa mara ya kwanza nilisikia gitaa likiwa na mtu nyuma yake. Nikalipindua kasha kutafuta sababu, na nikayasoma maandishi madogo ambayo nilikuwa nayaruka maisha yangu yote.

Waliirekodi kwa sehemu kubwa Montserrat, kisiwa cha Karibi, kwenye studio ambayo kimbunga Hugo kilikuja kuiharibu mwaka 1989. Ilikuwa miongoni mwa albamu za mwanzo za roki kurekodiwa kwa mitambo ya dijitali. Na fundi mitambo aliitwa Neil Dorfsman. Nikajiuliza: huyu mtu kama mkono wake ni huu, amekaa kwenye mitambo ipi tena? Nikakuta alirekodi pia Love over Gold ya mwaka 1982, bendi ile ile. Nikaitafuta miezi mitatu. Nilipoipata niliisikiliza nikiwa nimesimama, nikasahau kukaa.

Hapo ndipo utafutaji wangu ulipogeuka. Sisi huutafuta muziki kwa jina la mwimbaji. Lakini mwimbaji anaweza kubaki yule yule, mkono unaoshika mitambo ukabadilika, na albamu inayofuata ikawa kelele tupu. Fundi ndiye anayeamua kipaza sauti kikae wapi, karibu na ngoma au mbali nayo, na gitaa lisogee kiasi gani ili sauti ya mwimbaji ipate nafasi. Nikaanza kuandika majina kwenye daftari. Ile Hotel California ya baba, ya 1994, ilisimamiwa na Elliot Scheiner; na Scheiner huyo huyo alikuwa mmoja wa mafundi wa Aja ya Steely Dan, ya 1977. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, fundi wake alikuwa Alan Parsons, kwenye studio za Abbey Road, London. Rumours ya Fleetwood Mac, ya 1977, ilipita mikononi mwa Ken Caillat na Richard Dashut. Bob Clearmountain ndiye aliyechanganya sauti za Avalon ya Roxy Music ya 1982, na miaka miwili baadaye akafanya Reckless ya Bryan Adams. Bryan Adams, ambaye Uganda nzima tunamjua kwa redio za Jumapili! Nilikuwa nimemsikia miaka ishirini bila kumsikia.

Ukifuata jina la fundi, unafika kwenye albamu ambazo usingezishika kwa sababu hata bendi huijui. Daftari langu sasa lina kurasa kumi na moja.

Ugonjwa wa pili ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu unajifanya afya. Nilipata toleo jipya, "lililosafishwa upya", la albamu niliyokuwa nayo tayari kwenye CD ya zamani. Nikaliweka. Likalipuka! Nguvu, ukaribu, besi. Nikaweka la zamani, likaonekana mnyonge, kama limekaa nyuma ya pazia. Nikaamua jipya ni bora, nikalihifadhi la zamani kwenye droo. Baada ya majuma mawili niligundua sijalifungulia lile jipya hata mara moja zaidi. Kila nikitaka kuliweka, mwili unasitasita. Kichwa kilikuwa kinakumbuka.

Nikayaingiza yote mawili kwenye Audacity, programu ya bure inayoonyesha umbo la sauti. La zamani lilikuwa kama milima ya Kigezi: hapa kilele, hapa bonde, hapa tambarare kabla ya kiitikio. Jipya lilikuwa tofali. Kuanzia sekunde ya tatu hadi mwisho, ubapa mmoja juu na ubapa mmoja chini. Kilichofanyika ni hiki. CD ina dari, sauti haiwezi kupita pale. Anayetaka wimbo wake usikike kwa kishindo kuliko wa jirani huviinua vitu vyote vya chini hadi karibu na dari, na vile vilele, ule mpigo wa fimbo kwenye ngozi ya ngoma, hukatwa vichwa ili vitoshe. Mashindano hayo yalishika kasi miaka ya 1990 na wenyewe wameyaita vita vya sauti kubwa. Sikio halipati pa kupumzikia, na ngoma haina tena tofauti na gitaa, kwa sababu vyote vina urefu mmoja.

Mwaka 2008 peke yake unatosha kuonyesha pande zote mbili. Mwezi wa Septemba ilitoka Death Magnetic ya Metallica, na mashabiki wenyewe walilalamika kwamba imebanwa mno; wakaona kwamba nyimbo zile zile zilizowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi zaidi ya kupumua. Novemba ikatoka Chinese Democracy ya Guns N' Roses, na Bob Ludwig, fundi wa hatua ya mwisho kabla ya kuchapwa, akaeleza hadharani kwamba bendi ilichagua toleo lisilobanwa kuliko mengine aliyowapelekea. Mwaka mmoja, roki nzito zote mbili.

Kwa hiyo unapolinganisha matoleo mawili, kwanza sawazisha sauti. Hilo ndilo ningeliandika ukutani kama ukuta ungekuwa wangu. Masikio yetu yameumbwa hivyo, chenye sauti kubwa kidogo tunakiona bora, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuitaja. Punguza lile jipya mpaka mwimbaji awe na sauti sawa na kwenye la zamani, halafu sikiliza ngoma. Nilipofanya hivyo, lile "nyonge" likasimama, na lile lenye nguvu likawa kama picha iliyopigwa pasi.

Wala usidhani kila cha zamani ni kizuri. Aqualung ya Jethro Tull, ya mwaka 1971, ina sauti ya ukungu tangu ilipotoka, na mwaka 2011 mwanamuziki Steven Wilson alirudi kwenye mikanda yenyewe akaichanganya upya, na kwa masikio yangu hiyo ndiyo ya kununua. Na usikubali mtu akuambie roki nzito haiwezi kuwa safi. Weka Back in Black ya AC/DC, ya 1980. Gitaa moja upande huu, jingine upande ule, ngoma katikati, na kati yao kuna nafasi tupu unayoweza kupitisha mkono. Au albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine, ya 1992: wanapiga kelele kwa hasira zote na bado unasikia ngozi ya ngoma ikilegea baada ya pigo.

Nimekaa sana kwenye rekodi kwa sababu ndipo penye utajiri. Lakini sabufa nayo ilibidi iondoke. Spika kubwa ya chini ilikuwa inatoa noti moja tu ya besi, wimbo wowote uuweke, na zile ndogo tano hazikufika kule besi ilipoishia, ndiyo maana katikati palikuwa patupu. Niliiuza.

Katwe, kwenye vibanda vya mafundi, niliona spika mbili za mbao zilizotoka Uingereza, kubwa kama mtungi wa maji wa lita ishirini kila moja. Ukingo wa koni, ile karatasi inayotikisika na kutoa sauti, ulikuwa umeoza. Niligusa kwa kidole ukamong'onyoka kama biskuti iliyoloana. Nikataka kuondoka. Fundi, mzee mmoja wa Bukavu, akanishika mkono. "Mukubwa, hii spika haiko mbaya. Imezeeka ku mdomo tu." Akanieleza kwamba ukingo ule ni sponji, na sponji huoza kwa umri hata spika ikikaa kabatini bila kuguswa; koni na sumaku vinabaki vizima. Niliacha shilingi laki moja na nusu ya spika na elfu sitini ya kazi, nikaomba nikae nitazame.

Alikwangua sponji ya zamani kwa wembe na spiriti, taratibu, bila kuigusa karatasi ya koni. Kisha akakikata kile kifuniko kidogo cha katikati, na ndani, kuzunguka koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, akachomeka vipande vinne vyembamba vya filamu ya eksirei, ili koili isimame katikati kabisa ya sumaku wakati gundi inakauka. Akabandika ukingo mpya wa mpira. Akaniambia nirudi kesho. Kesho yake alivitoa vile vipande kimoja kimoja, akaweka vidole gumba viwili juu ya koni, akaisukuma ndani polepole huku sikio lake limeinama. Akanisogeza na mimi. "Sikia. Haikwaruzi." Kulikuwa na kimya kabisa. Sijawahi kulipa elfu sitini kwa kazi nzuri kuliko ile.

Nikapata na amplifaya ya mtumba, nikaunganisha, nikafurahi kwa miezi mitano. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukielewa: besi ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia kwa spika za ukubwa ule. Nikailaumu amplifaya. Nilikuwa nimeanza hata kutafuta nyingine.

Baba akaja Kampala kutibiwa macho, akalala kwangu siku tatu. Jioni ya kwanza nikamwekea Tracy Chapman, ile ya mwaka 1988, kwa fahari. Akakaa, akafumba macho. Kidole hakikupanda. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia.

"Mwanangu, huyu dada anaimbia wapi?"

"Kwa nini, Baba?"

"Namsikia kila mahali. Mwenyewe hayupo."

Nilitaka kubisha, kisha nikamwelewa. Nikachukua tochi nikaenda nyuma ya spika. Kwenye ile ya kulia, waya mwekundu ulikuwa umeingia penye alama nyeusi, na mweusi penye nyekundu. Maana yake koni ya kushoto ikisukuma hewa, ya kulia inavuta. Besi za pande mbili zinafutana, na sauti ya mwimbaji, ambayo iko sawa pande zote, inakosa mahali pa kusimama. Miezi mitano. Nikageuza nyaya, nikarudisha wimbo mwanzo. Dada akaja akasimama katikati, kwenye kimeza cha televisheni, urefu wa mtu aliyekaa na gitaa mapajani. Besi ikajaa chini yake.

"Ehee," Baba akasema. "Amefika."

Tangu siku hiyo sianzi kusikiliza kwenye mtambo wowote kabla ya kuuliza swali lake. Mwimbaji amesimama wapi? Kama huwezi kumnyooshea kidole, usinunue kitu kipya. Kagua nyaya.

Kuhusu chumba niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu nyumba zetu zina tabia zake. Yangu ni sakafu ya saruji, kuta za plasta, dirisha la kioo, na juu ni bati bila dari. Simama katikati ya sebule kama hiyo upige kofi moja: utasikia mlio mwembamba wa chuma ukirudi, twing, kama umepiga sufuria. Mlio huo unajipachika juu ya kila toazi na kila herufi "s" ya mwimbaji. Mwaka 1971 Led Zeppelin walitoa wimbo ambao ngoma zake zilirekodiwa na Andy Johns kwenye ukumbi wa chini, penye ngazi za nyumba kongwe ya Headley Grange, kule Uingereza, vipaza sauti vikiwa juu ghorofani. Ule ukubwa wa ngoma unaousikia ni nyumba. Wao waliuchagua mwangwi wao na ukarekodiwa mara moja. Mwangwi wangu mimi ulikuwa unaongezwa kwa kila mtu, atake asitake.

Nilianza na mkeka, nao haukufanya kitu cha maana. Zulia zito juu ya mkeka likasaidia. Kilichobadilisha chumba ni godoro la pamba, lile la zamani, siyo la sponji. Nililipata Owino, nikalikata vipande viwili, nikavishona ndani ya nguo ya gome la mti wa mutuba na kuvitundika ukutani, kila kimoja upande ambapo sauti ya spika inagonga kabla ya kunifikia. Gome lenyewe ni jembamba, halizuii sauti kiasi cha kuhesabu. Kazi inafanywa na pamba. Gome nimeliweka kwa sababu ni zuri, na kwa sababu wageni wakiuliza napata cha kueleza. Nikapiga kofi. Sufuria imenyamaza.

Spika nilizitoa ukutani, mkono mzima mbele, na besi iliyokuwa inavimba ikatulia palepale bila kulipa shilingi. Nimezikalisha juu ya matofali ya kuchoma hadi twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ikawa usawa wa sikio langu nikiwa nimekaa, na kati ya tofali na spika kuna vipande vya soli ya kandambili. Umbali kutoka spika hadi spika ni sawa na kutoka kila moja hadi kwenye kiti changu. Mke wangu aliona sebule imekuwa ghala. Nikamkalisha kwenye kile kiti, nikamwekea Rumours. Sasa kiti ni chake Jumamosi.

Mvua ikinyesha hakuna cha kufanya. Bati hushinda. Mimi huzima kila kitu nikasubiri. Umeme nao jioni hushuka, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, na amplifaya hutoa mngurumo wa chini. Stabilaiza imesaidia kwa sehemu, lakini dawa yangu hasa ni saa. Baada ya saa tano usiku bodaboda zimepungua, umeme umetulia, na sauti ndogo inatosha.

Siku hizi sehemu kubwa ya muziki huu inapatikana kwa simu. Spotify iliingia Uganda mwaka 2021, na mwaka huo huo Apple Music ikaanza kutoa muziki usiopunguzwa chochote bila kuongeza ada. Bando ni ghali, kwa hiyo hupakua nikiwa kwenye Wi-Fi ya kazini. Mawili tu ya kuangalia: kwenye mipangilio weka ubora wa juu kabisa, na pale penye kusawazisha sauti usichague ile ya kishindo. Kisha tazama mwaka wa toleo. Mara nyingi albamu moja ipo mara tatu, nne, na lile linalotangulia si lazima liwe lile ulilolihitaji.

Ila bado nakwenda Owino. Mwezi uliopita nilikuta Aja. Haikuwa na kasha wala kijitabu, diski tupu ndani ya mfuko wa nailoni, uso umepauka, chini ina mikwaruzo miwili isiyofika ndani. Shilingi elfu moja. Niliisafisha kwa maji na sabuni kidogo, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje, nikaichezea saa sita kasorobo usiku tangu mwanzo hadi mwisho, haikuruka hata mara moja. Baadaye nilitafuta kasha tupu, nikachana karatasi kwenye daftari la mtoto, nikaikunja iingie vizuri, nikaandika kwa kalamu ya wino: Roger Nichols, Elliot Scheiner, Bill Schnee, Al Schmitt. Mafundi.